Bi Yupo na Mashine Nne

Chumba chenyewe kina urefu wa hatua saba na upana wa hatua nne. Kipo mwisho wa korido ya idara ya eksrei, baada ya stoo ya mashuka, na mlangoni hakuna maandishi yoyote isipokuwa karatasi moja iliyobandikwa: "Usiegemee." Ndani kuna kiyoyozi kinachonguruma kutwa, meza moja, kiti kimoja, kompyuta moja, na kabati la chuma lenye mashine nne za kuhifadhi picha. Kila picha ya mfupa, kifua au kichwa iliyopigwa hospitalini kwetu kwa miaka tisa imo katika mashine hizo. Anayekitunza chumba hicho ni shemeji yangu, mke wa kaka yangu mkubwa. Hospitali nzima inamwita Bi Yupo.

Jina hilo alilipata zamani, alipokuwa karani wa wodi ya wanaume. Kazi yake ilikuwa kuandika kila asubuhi nani amelala wapi kabla madaktari hawajapita. Kazi rahisi, ungesema, kwa kuwa kila kitanda kilikuwa na kadi ya jina imening'inizwa miguuni. Lakini wagonjwa wa wodi ile walikuwa wanahama. Huyu anataka dirishani, yule hataki kulala karibu na choo, wawili wanataka kulala jirani wabishane kuhusu mpira. Mtu alihama, kadi ikabaki. Siku moja mzee wa ngiri alipelekwa kupigwa picha ya goti, akapigwa, akarudishwa, na aliyekuwa na goti bovu akalala hapo hapo akisubiri mpaka jioni. Mzee alipoulizwa kwa nini hakusema, alijibu kwamba alidhani ngiri siku hizi inaanzia chini.

Tangu siku hiyo shemeji akaacha kusoma kadi. Alisimama katikati ya wodi na daftari lake, akaita jina, na hakuandika kitu mpaka mwenye jina ainue mkono au afungue mdomo. Asiyejiweza, jirani yake alimwitikia: "Yupo!" Wagonjwa walilifanya mchezo. Wengine waliitikia kwa sauti nene kama askari, wengine kwa sauti ya kike. Yeye hakucheka wala hakukasirika. Aliandika tu, kitanda kwa kitanda. Katika miaka sita aliyokaa pale, hakuna mgonjwa mwingine aliyepigwa picha ya kiungo cha mwenzake.

Mafaili ya picha yalipohamia kwenye mashine, uongozi ulitafuta mtu wa kukaa nazo. Vijana wa kompyuta walikuja na kuondoka, kila mmoja na mshahara mzuri zaidi uliomwita kwingine. Mwishowe mganga mkuu wa wakati ule alisema, "Nipeni yule mama wa wodi." Shemeji alikuwa amesoma mpaka kidato cha nne, kama mimi, na kompyuta alikuwa ameigusa mara mbili tatu tu. Kampuni iliyouza mashine ilimfundisha kwa wiki mbili. Alirudi na daftari limejaa pande zote, mpaka ndani ya majalada. Nilimuuliza kama kompyuta haimtishi.

"Inanitisha nini? Ni kama mama mkwe. Ukiiuliza vizuri inajibu, ukiiuliza ovyo inanuna."

Mama mkwe wake ni mama yangu mzazi. Alipopelekewa maneno hayo alicheka mpaka akapaliwa.

Sasa nieleze kidogo mashine zile zinavyofanya kazi, kwa namna alivyonieleza yeye, maana mwingine hajawahi kunieleza nikaelewa. Mashine ni nne lakini zinaishi kama familia yenye chungu kimoja. Kila picha ina nakala mbili, na nakala hizo hazikai kamwe katika mashine moja. Mashine moja ikiumwa, zilizobaki zinabeba kazi yake na daktari hajui kitu. Zikilala mbili kwa pamoja, kuna picha ambazo nakala zake zote mbili zitakuwa zimelala, na hapo mfumo hujifunga wote. Hautoi hata picha moja mpaka wakubwa warudi nyumbani.

Kila asubuhi akifika, hufungua kwenye kompyuta dirisha jeusi la kuandikia amri, lisilo na picha wala rangi, na huandika amri moja. Mashine zinamrudishia orodha ya mistari minne. Kila mstari una namba ya mashine, hali yake, na mwisho wa mstari neno moja: ndiyo au hapana. Neno hilo ndilo linalosema kama mashine hiyo inaweza kuondolewa kazini kwa matengenezo muda huo bila kuwaangusha wenzake. Yeye huita sehemu hiyo safu ya ruhusa. Huinakili orodha yote kwa kalamu, ingawa kompyuta inaweza kuichapa yenyewe. Anasema mkono ukiandika, jicho halipiti haraka.

Orodha inakwambia mashine ipi iguswe. Haikwambii iko wapi kabatini. Na mashine zile hazikufungwa kwa mfuatano, kwa sababu hazikununuliwa siku moja. Juu kabisa ipo ya pili, chini yake ya nne, halafu ya kwanza, na chini kabisa ya tatu. Kwa mbele kila moja ina kifuniko cheusi cha plastiki ngumu, na juu ya vifuniko hivyo shemeji alibandika namba alizozikata mwenyewe kwa mkasi, nyeupe, kubwa, zimenyooka kama zimetoka kiwandani. Alijivunia namba zile. Mgeni akiingia, macho yake yakifika pale, shemeji alitulia kidogo ili mgeni aone vizuri.

Pamoja na namba hizo, hakuacha kuita. Mwanzo wa kila mwezi, na kila mara kabla ya mkono wa mtu yeyote kugusa mashine, huita kama alivyoita wodini. Kuna amri ya pili, ambayo huwasha taa ndogo ya bluu mgongoni mwa mashine unayoitaja. Hapo ndipo nami naingia. Mimi ni karani wa kumbukumbu, ofisi yangu ni ya tatu kutoka kwake, na nina mwili mwembamba. Najipenyeza nyuma ya kabati, kwenye uwazi ambao mtu mnene angekwama, na yeye anaita kutoka mezani.

"Moja!"

"Ya tatu kutoka juu, yupo!"

"Mbili!"

"Ya juu kabisa, yupo!"

Wauguzi wakipita koridoni hutuitikia kwa kejeli, "Na sisi tupo!" Tumeshazoea.

Miezi mitano iliyopita tulipata mkuu mpya wa utawala. Ni mtu wa haraka, si mbaya, ila anapenda kila kitu kiwe na mkataba. Alipokuta chumba chenye picha za hospitali nzima kinalindwa na mama wa kidato cha nne mwenye daftari, alishtuka. Akaanza mazungumzo na kampuni iliyotuuzia mashine, wachukue funguo na wawe wanaleta watu wao. Shemeji angepelekwa mapokezi, kugawa namba za foleni.

Wakati hayo yakizungumzwa, orodha ya asubuhi ikaonyesha kwamba mashine ya nne ina feni inayosuasua. Feni moja kati ya sita, mashine bado inajimudu, lakini mfumo ulishaanza kuipunguzia kazi na kuwapa wenzake. Kampuni ilisema italeta feni na fundi Jumatano. Mkuu wa utawala akamwita shemeji ofisini. Mimi nilikuwepo, nilipeleka mafaili.

"Mama, kazi hiyo itafanyika mchana, watu wakiwa kazini. Siku hiyo daktari wa mifupa ana upasuaji wa nyonga, picha lazima ziwe mbele yake muda wote. Ukiisimamia bila picha kukatika hata mara moja, chumba kinabaki kwako na sitalizungumzia tena. Zikikatika, funguo zinakwenda kwa kampuni siku hiyo hiyo. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," shemeji akasema. "Kazi ianze saa tatu, siyo saa mbili. Saa mbili idara ya eksrei inaanza, mashine zinakuwa na haraka."

"Hilo tu?"

"Na fundi aambiwe humu ndani naongoza mimi."

Mkuu alimtazama juu ya miwani, akaandika.

Jumanne jioni tulikuwa mezani nyumbani, kaka, shemeji, binti yao anayesomea uuguzi mwaka wa pili, na mimi. Kaka ni seremala. Anampenda mke wake, ila njia yake ya kumtuliza mtu ni kumwonyesha kwamba jambo lenyewe si kitu.

"Kwani mapokezi pana ubaya gani? Utakaa kwenye kiti kizuri, utaona watu."

"Watu nimewaona," shemeji akasema. "Mashine zangu angalau ukiziita zinaitika."

"Hata mimi naitika."

"Mlango wa kabati la jikoni nimekuambia tangu lini?"

"Tangu niko darasa la tano," binti akadakia.

"Nasubiri mbao."

"Baba, bawaba inataka mbao?"

"Wewe soma sindano zako, useremala niachie." Kaka akanigeukia. "Na wewe, shemeji yako akipelekwa mapokezi utamwitikia nani huko nyuma ya kabati? Utakonda bure."

"Baba mdogo hana tena pa kukonda," binti akasema, na wote wakanicheka, shemeji naye.

Baadaye, akikusanya vyombo, alisema kama anayezungumza na sahani, "Kazi ile naijua. Kesho nitaifanya na kesho kutwa nitafungua mlango wangu kama kawaida." Asubuhi aliondoka nusu saa kabla yangu.

Fundi wa kampuni alifika saa tatu kasoro dakika kumi. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, viatu vimeng'aa, begi la vifaa lenye mifuko mingi, na simu mbili. Tulimwita Injinia. Alikuwa ametoka hospitali nyingine na mchana alitakiwa benki. Mkuu wa utawala alikuja naye, akasimama mlangoni, mikono nyuma. Shemeji alikuwa ameshapiga simu chumba cha upasuaji. Muuguzi wa kule aliahidi kwamba picha za nyonga zikipotea hata mara moja kwenye skrini, atapiga. Simu ya mezani ilikuwa pale, karibu na daftari, na sisi wote tulikuwa tunaiangalia kwa jicho la pembeni.

"Haya mama, ya nne ndiyo mgonjwa wetu," Injinia akasema, akipiga magoti mbele ya kabati.

"Kwanza orodha," shemeji akasema.

Akaandika amri. Mistari minne ikatoka. Moja, hapana. Mbili, hapana. Tatu, hapana. Nne, ndiyo. Akaisoma kwa sauti, akainakili.

"Ndivyo nilivyosema," Injinia akasema. "Ya nne tu ndiyo inayoguswa. Namba zako nzuri kweli, mama. Hospitali nyingine tunabahatisha." Akaona kifuniko chenye namba nne, cha tatu kutoka juu, akakichomoa na kukiweka sakafuni. Nyuma ya kifuniko taa zote zilikuwa za kijani. Akaweka vidole viwili kwenye vishikio vya kuvutia mashine.

"Bado," shemeji akasema. "Haijaitika."

"Haijafanya nini?"

"Haijaitika. Shemeji, nenda nyuma."

Nikajipenyeza. Nilimsikia Injinia akicheka upande wa pili.

"Mama, hii si shule ya chekechea. Orodha imesema nne, kifuniko kimesema nne. Unataka nani mwingine aseme?"

"Yenyewe."

"Bosi, nina kazi benki saa saba."

Halafu nikasikia sauti ya shemeji, ile ile ya kila mwezi:

"Nne!"

Taa ya bluu ikawaka. Nikaiangalia, nikahesabu kutoka juu kwa kidole, nikahesabu tena.

"Ya pili kutoka juu, yupo!"

"Rudia," shemeji akasema.

"Ya pili kutoka juu."

"Sasa sikiliza. Moja!"

Taa ya bluu ikazimika, ikawaka kwenye mashine iliyo chini yake. "Ya tatu kutoka juu, yupo!"

Nilitoka nyuma ya kabati vumbi likiwa kwenye bega. Injinia alikuwa bado amepiga magoti, lakini vidole alikuwa ameshavitoa kwenye vishikio na kuviweka juu ya mapaja, kama mtu aliyegusa sufuria ya moto. Mashine aliyokuwa ameishika ilikuwa ya kwanza. Angeivuta, ya kwanza ingelala wakati ya nne imeshapunguziwa kazi, ingekuwa kama zimelala mbili, mfumo ungejifunga, na picha za nyonga zingezimika mbele ya daktari aliyekwisha kupasua.

Shemeji hakumtazama Injinia. Alikuwa anatazama vifuniko. Alivitazama kwa muda, kisha akafungua daftari, akarudi nyuma kurasa kadhaa, na kidole chake kikasimama.

"Tarehe kumi na moja," akasoma. "Kiyoyozi kimevuja. Maji yamefika kabatini kwa mbele. Nimevua vifuniko viwili, nimekausha, nimevirudisha. Mashine ni salama." Akafunga daftari. "Nimevirudisha kinyume. Cha nne nimekiweka kwa moja, cha moja nimekiweka kwa nne. Siku zote navua kimoja kimoja nikifuta. Siku ile nilivua viwili kwa pamoja nikaviegemeza ukutani. Kosa ni langu."

Alilisema hivyo hivyo, mbele ya mtu aliyekuwa anatafuta sababu ya kumnyang'anya funguo. Mimi nilitaka ardhi ipasuke. Najua watu wengi ambao wangesema vifuniko vimebadilishwa, wakaishia hapo, na kila mtu angemfikiria mfagiaji. Mkuu wa utawala alisogea hatua mbili ndani ya chumba.

"Kwa hiyo namba hizi umebandika wewe, na wewe ndiye uliyeziharibu."

"Ndiyo."

"Na kama usingeita?"

"Ningeita tu," shemeji akasema. "Sijawahi kuacha kuita. Tuendelee na kazi, muda unakwenda. Wewe mwanangu, rudisha mahali pake hicho kifuniko kilichoko sakafuni, tunafungua kile cha pili kutoka juu."

Injinia alisimama, akajifuta magoti. Nilichopenda kwake ni kwamba hakubishana. Alisema, "Sawa, mama. Iite tena, niione mwenyewe," akaenda kujibana nyuma ya kabati na viatu vyake vinavyong'aa. Yeye si mwembamba. Kishikizo kimoja cha shati kimebaki huko mpaka leo.

Kazi ilienda. Orodha ilitolewa tena, ya nne bado ndiyo. Shemeji aliandika amri ya kuilaza, akasubiri, akatoa orodha. Ya nne ikaonekana imelala, wenzake watatu wote hapana. "Sasa hakuna anayegusa chochote isipokuwa hiyo," akasema. Injinia aliivuta, akaifungua, akatoa feni yenye vumbi la kijivu kama pamba, akaweka mpya. Mikono yake ilikuwa mizuri kazini, lazima niseme. Alitumia dakika kumi na saba. Simu ya mezani haikulia.

Mashine ilipowashwa, Injinia alianza kukusanya vifaa.

"Tumemaliza, bosi. Nisainiwe fomu."

"Hujamaliza," shemeji akasema.

"Mama, imewaka."

"Imewaka, haijaungana na wenzake. Picha zilizopigwa ikiwa imelala haina. Mpaka zipate nakala zao, mashine tatu zile bado ni hapana. Nikikusainia sasa, na moja ikaumwa ukiwa njiani, nitamwita nani?"

"Itachukua kama dakika arobaini."

"Kuna kiti."

Kiti kilikuwa kimoja. Injinia alimtazama mkuu wa utawala, mkuu wa utawala akamtazama Injinia, na hakuna aliyekaa. Mwishowe mimi nilileta viti viwili kutoka ofisini kwangu. Tulikaa wanne katika chumba cha hatua saba kwa nne, tukisikiliza feni mpya. Kila robo saa shemeji alitoa orodha na kuinakili. Mara ya kwanza, hapana tatu. Mara ya pili, hapana tatu. Mkuu wa utawala, ambaye sijawahi kumwona amekaa bila kufanya kitu, alianza kuuliza. Kwa nini mbili zisilale pamoja? Kwa nini mfumo ujifunge badala ya kutoa zilizopo? Shemeji alimjibu moja moja, bila haraka, kwa maneno yale yale ya chungu kimoja. Alipofika kwenye swali la safu ya ruhusa, mkuu alisogeza kiti mpaka kwenye skrini.

Akamgeukia Injinia. "Hebu niambie ukweli. Ninyi mkichukua funguo za hapa, nani ataita?"

Injinia alikuna shingo. Alikuwa na sababu ya kusema vinginevyo. Kampuni yake ingepata mkataba.

"Hakuna, bosi. Tukipewa hospitali ishirini, mtu anakuja, anasoma namba iliyo mbele, anavuta. Taa ya bluu ipo, kwenye mafunzo tumefundishwa. Lakini ukiwa peke yako huwezi kuwa mbele na nyuma kwa pamoja." Akaangalia mikono yake. "Leo ningevuta mimi. Vifuniko alivikosea yeye, lakini mkono ungekuwa wangu."

Mara ya tatu orodha ilitoka na mistari minne yote ikaishia na ndiyo. Shemeji aliinakili, akapiga simu chumba cha upasuaji. Muuguzi akasema picha hazijatikisika, na kwamba daktari alikuwa anaimba, jambo ambalo kwake ni dalili nzuri. Shemeji ndipo akaisaini fomu. Katika sehemu ya maelezo Injinia alikuwa ameandika, "Kazi imekamilika bila tatizo." Shemeji akamrudishia.

"Ongeza habari ya vifuniko."

"Mama, kwa nini ujichongee? Mambo yameisha salama."

"Atakayekuja mwaka ujao atasoma hapo. Akikuta hakuna tatizo, ataamini kifuniko."

Injinia aliongeza mistari miwili. Kabla hajaondoka, walibandika pamoja namba mpya kwenye mwili wa mashine zenyewe, kwenye chuma, mahali ambapo haiwezekani kuzivua na kuziegemeza ukutani. Zile za vifunikoni shemeji alizibandua moja moja kwa ukucha. Ilimchukua muda, gundi ilikuwa nzuri.

Mkuu wa utawala alibaki mlangoni mpaka Injinia alipokwenda zake benki.

"Mama, tulikubaliana. Chumba ni chako."

"Ahsante. Naomba iwe kwa barua."

"Nimekuambia mbele ya shahidi." Akanionyesha mimi.

"Shahidi ni shemeji yangu. Tunakula meza moja. Naomba barua."

Nilidhani atakasirika. Badala yake alicheka, kicheko kifupi cha puani, akaenda.

Barua ilikuja Ijumaa asubuhi na mapema, ina muhuri, imekunjwa mara tatu. Shemeji aliisomea kwangu ofisini akiwa amesimama. Ilisema kwamba kuanzia tarehe hiyo yeye ndiye mwenye dhamana ya chumba cha kuhifadhi picha, funguo zake, na mashine zake tatu.

Akaisoma tena. Akaikunja kama ilivyokuwa, akairudisha kwenye bahasha.

"Unaipeleka wapi?" nikamuuliza.

"Kwa aliyeiandika. Mashine ni nne."

"Shemeji, si kosa la kuchapa tu? Mtu amekupa chumba, unamrudishia barua?"

"Amenipa tatu. Ya nne nani ataitunza, wewe?"

Alipanda ngazi nayo. Sikumfuata, lakini karani wa juu alinisimulia kwamba aliiweka mezani kwa mkuu, akaweka kidole kwenye neno lenyewe. Mkuu aliangalia kidole, akaangalia neno, akamwita mchapaji. Barua ya pili ilitoka hapo hapo. Safari hii shemeji aliisoma mara moja tu, akaitoboa matundu mawili, akaiweka kwenye faili. Kisha akaniaga, kwa kuwa alikuwa amechelewa kwa dakika ishirini kutoa orodha ya siku hiyo, na alitaka kuandika daftarini sababu ya kuchelewa.